Folda Iliyoitwa Baba

Diski ya kompyuta ikianza kufa inagonga. Tak. Inanyamaza. Tak, tak. Kama mgeni mwenye adabu aliyefika mlangoni na hana uhakika kama wenyewe wapo. Nimeshazisikia nyingi, na kawaida yangu nawatania wenye nazo, nawaambia kuna panya kafungiwa humo, leteni dagaa. Ile ya mzee Ojwang nayo niliitania. Nilimwambia panya huyu lazima atakuwa Mjaluo, maana anagonga kwa mdundo. Mzee hakucheka. Aliweka kiganja juu ya ile laptop kama mtu anayempima mtoto homa, akaniuliza kama humo ndani bado kuna kitu.

Mimi naitwa Abubakari, kwetu Mugumu. Miaka ile dhahabu ilikuwa imevuruga akili za watu Tarime na Serengeti yote. Mwalimu anaacha chaki, mchungaji anaacha kondoo, wale wa kanisani na wale wa zizini. Mimi niliacha chuo. Nilikuwa nasoma mambo ya kompyuta Dodoma, nimebakiza mwaka mmoja, nikasikia vijana wa mtaani kwetu wamepata, nikarudi mbio. Dhahabu haikunitaka. Nilichotoka nacho machimboni ni kikohozi cha vumbi na jina: Nusu Digrii. Nikaja Tarime mjini, nikafungua kibanda Nkende cha kutengeneza simu na kompyuta, na hilo jina nikaliandika mlangoni kwa rangi nyekundu. Jina baya ukiliandika mwenyewe, watu wanakosa pa kushika.

Utani ndio uliokuwa unanifanya nionekane nina kazi. Jirani yangu Mogesi, mwenye steshenari, kompyuta yake niliiwekea sauti ya ng'ombe, kila akiiwasha inalia mooo, na Mogesi kila ikilia anatoka nje kuangalia ni ng'ombe wa nani. Siku nyingine nilimbadilishia majina ya mafolda. Iliyokuwa ya matangazo ya harusi nikaiita ya misiba, ya misiba nikaiita ya harusi. Alinifukuza na rula ya chuma hadi kwenye mashine ya kusaga. Watu wote wa pale walijua kwamba kompyuta ikipita mikononi mwangu, inarudi imepona lakini ina kichaa kidogo.

Mzee Ojwang alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya vibanda vyetu, njia ya kwenda Nyamisangura, paa na ukuta wa nyuma wa bati, pembeni wazi. Mjaluo wa Rorya, lakini Tarime alikaa miaka mingi hadi Kikurya cha kununulia mbao anacho. Zamani alioa mwanamke wa Kikisii kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Kenya, anaitwa Kwamboka; wao waliongea Kiswahili. Wakaachana mtoto hajaanza kusema. Mama akamfunga mgongoni akavuka naye mpaka, akarudi kwao.

Mtoto huyo alikuwa Elkana. Alilelewa huko huko Kisii, na alipokuwa mwanaume mzima, dhahabu ilipoanza kuita watu, akavuka kuja huku. Akapata kazi ya kuendesha lori la Tata, tipa ya kubeba mawe kutoka kwenye maduara, yaani yale mashimo ya wachimbaji, kupeleka kwenye karasha yakasagwe. Akaulizia hadi akampata baba yake. Mzee akampa chumba nyuma ya karakana.

Wakakaa pamoja, na hawakuwa na la kuongea. Ni wanaume wawili wazima, kila mmoja kakuzwa na watu wengine, ghafla mnagawana sufuria. Kijana alikuwa mpole, mikono mirefu, anatabasamu upande mmoja. Jioni akirudi na vumbi lake anakaa kwenye rundo la mbao, anamwangalia mzee anavyopiga randa.

Kilichomuuma mzee kilikuwa kimoja, na alikuwa anakuja kibandani kwangu kukilalamikia, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa mzaha na mtu wa mzaha unaweza kumwambia jambo zito bila kuonekana umelia. Kijana alikuwa anamwita tata. Tarime kila mwanaume mzima ni tata. Ukienda stendi, wapiga debe wanakuita tata wakikuvutia begi. Ukienda buchani, tata, leo kuna maini.

"Yule mtoto ananiita vile anamwita muuza nyama," aliniambia siku moja. "Mimi nimemzaa. Kuniita baba kunamchoma ulimi?"

Nilimtania, nikamwambia amkatie maini basi, amalize. Nilidhani hasira itaisha. Haikuisha. Alikuwa anasubiri. Alikuwa na hakika kwamba siku kijana akimsamehe kwa ile miaka yote, atamwita baba, na hapo wataanza kuongea.

Siku hiyo haikufika. Elkana alikuwa anasubiri lori lake lipakiwe, upande wa Serengeti, wenzake wakamwomba ashuke kidogo duarani awasaidie kusukuma jiwe. Yeye hata mchimbaji hakuwa. Udongo ukashuka. Walimtoa, tukamzika Rorya kwa akina Ojwang. Mama yake alikuja na ndugu zake, akakaa upande wa wanawake, akarudi kwao.

Kilichobaki kikawa nguo na hiyo laptop.

Mzee hakujua kuitumia. Alitaka tu kuona picha. Akampelekea Mogesi, na Mogesi akaiwasha, ikawa inaleta ujumbe ule uliokuwa unazisumbua kompyuta zote wakati ule, kwamba windo mpya, yaani ule mfumo unaoendesha kompyuta, ipo tayari, unaitaka au huitaki. Mogesi ni mtu wa kusaidia. Akaona kwa heshima ya marehemu mashine isikae na windo ya kizamani. Akabonyeza ndiyo.

Ilihangaika kutwa. Ilipomaliza ikafunguka vizuri, ina rangi mpya, mzee akaona hadi picha moja ya lori. Kesho yake ikawa nzito kama imekula ugali wa muhogo. Halafu ikaanza kuzima katikati na kuleta skrini ya bluu yenye sura ya huzuni. Halafu ikaandika kwamba inarekebisha makosa ya diski, subiri. Mogesi akasubiri. Ikafika kidogo tu, ikakwama. Akazima akawasha, ikaanza kurekebisha upya. Ndipo ikaanza kugonga, na ndipo akamwambia mzee, peleka kwa yule chizi, hii imenizidi.

Mogesi alikuja naye, amesimama nyuma, anaapa kwamba yeye kapiga windo tu. Nikamwambia asijisumbue, windo haikuua. Diski ya namna ile ina sahani inayozunguka na sindano inayopita juu yake kusoma. Sahani ikipata madoa mabaya sehemu moja, sindano inayakwepa, kompyuta inaendelea, wewe hujui. Elkana alikuwa anatembea nayo ndani ya lori, kwenye barabara zile. Lazima madoa yalikuwepo siku nyingi. Sasa kupiga windo mpya ni kuandika kila kona ya sahani. Ni kama mgonjwa aliyelala zake vizuri, wewe unamwamsha unamwambia leo tunahama nyumba, beba kabati.

"Kwa hiyo ni mimi," Mogesi akasema.

"Ni barabara," nikamjibu, na mara moja tu katika maisha yangu nilikuwa namaanisha ninachomwambia Mogesi.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuizuia isijitibu. Watu wengi hawajui hili. Kompyuta ikisema inarekebisha diski, na diski yenyewe inagonga, ile dawa ndiyo inayomaliza, maana inalazimisha sindano ipite juu ya vidonda vyote. Nikazima. Nikaanza na vitu vya bei rahisi, kwa sababu unaomba Mungu iwe ni kitu cha bei rahisi. Nikafungua kwa bisibisi, nikatoa diski, nikasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli. Nikaifunga kwenye mashine yangu, kwa waya mwingine. Tak. Nikachomeka flashi yenye mfumo mwingine kabisa, usiogusa wala kuandika kitu kwenye diski, nikawasha kwa huo. Tak, tak. Basi si waya, si windo. Diski hizi zina tabia ya kujihesabia zenyewe sehemu zilizoziacha kwa ubovu. Nikaiuliza. Ikaniletea hesabu yake, na nilipouliza tena, hesabu ilikuwa imepanda, wakati nimekaa tu naitazama.

Mzee alikuwa kakaa kwenye kigoda, anatazama mikono yangu kama anavyotazama mbao. Akaniambia nimwambie bila utani.

Nikamwambia. Ikiwa imepoa inasoma kidogo. Ikipata joto sindano inapotea, inagonga, inajizima. Nimejaribu kuichukua yote kwa mkupuo imekataa. Inabidi tuchague. Tuchukue kile kitu anachokitaka kuliko vyote, tukichukue kwanza, maana sijui kama itaamka mara nyingine. Na hata kuchungulia kila folda kuona kuna nini ni kuipotezea pumzi.

Tukaiacha ipoe hadi mchana. Nilipoiwasha ikazunguka, ikanyamaza, na majina yakatokea kwenye skrini. Yalikuwa machache. Picha. Nyimbo. Makolokolo ya windo. Halafu mawili, yameandikwa kwa herufi kubwa, moja juu ya lingine.

BABA.

TATA.

Mzee alisimama. Kigoda kikaanguka. Aliweka kidole kwenye skrini, kidole cha seremala, kizito, kina kovu la msumeno, skrini ikafanya wimbi.

"Hiyo," akasema.

"Hii ya baba?"

"Hiyo. Aliandika. Unaona kaandika?"

Nikamuuliza hii ya chini, ya tata. Akapunga mkono. "Hilo ni lori lake. Kapiga picha za matairi na injini humo. Lori la mtu mwingine, litanisaidia nini?" Na kweli, picha pekee aliyoiona kwa Mogesi ilikuwa ya lori. Nikasema sawa, matairi yatasubiri.

Faili zilikuwa za sauti. Moja baada ya nyingine, zinavuka taratibu kwenda kwenye mashine yangu, na kila ikigonga mzee anafumba macho. Nilikuwa nimeweka feni inapulizia diski. Mogesi alishika waya usitikisike, hajahema, jasho linamdondoka puani na hajifuti. Sehemu kubwa ilivuka. Nikataka niingie hiyo ya pili papo hapo, diski ikapiga mfululizo kama mvua ya mawe juu ya bati, ikazima. Nikasema tuiache, kesho. Mzee hata hakunisikia. Kesho yake nilipoiwasha haikuzunguka tena. Keshokutwa vivyo hivyo. Sikumwambia haraka. Matairi tu, nilijua hatauliza.

Zile zilizovuka tulizisikiliza siku ile ile ya kwanza. Sauti ilikuwa ya Elkana kabisa, ile yake ya chini chini, lakini ina uchangamfu ambao mimi sikuwahi kuusikia. Anaongea Kikisii. Anasema, "Bwakire, baba," kama mtu anayesalimia asubuhi, anacheka, anaendelea. Nyuma kuna vyombo vinagongana, kuna kuku, kuna sauti ya mwanamke inajibu kwa mbali. Na katikati ya maneno ambayo mzee Ojwang hakuyajua, na mimi sikuyajua, lile neno linarudi. Baba. Baba hivi. Aa, baba. Mara nyingine analivuta, baabaaa, kama mtoto anayeomba kitu.

Mzee alilia bila sauti. Mdomo unatabasamu, machozi yanashuka hadi kwenye ndevu. Akanieleza jinsi alivyoielewa: kijana alikuwa kwa mama yake, anamsimulia habari za baba. Alikuwa anajifunza kulitamka. Alikuwa bado hajalizoea, ndiyo maana akija huku linamkwama. Nikamwambia ndiyo hivyo. Nililiamini mwenyewe. Nilimwekea zote kwenye memori kadi ya simu yake, ile simu ndogo yenye tochi na spika ya kelele.

Ukikaa Nkende siku zile ulisikia. Mzee anapita barabarani, simu kaiweka sikioni kama redio, inamwita baba. Aliwasikilizisha madereva wa bodaboda. Aliwasikilizisha watu waliokuja kuchukua vitanda vyao. Alianza kula. Alianza hata kunitania mimi, akaniuliza ile nusu nyingine ya digrii nitamletea lini aimalizie yeye kwa randa.

Alimwekea na Felista, mama wa chai, asikilize. Felista ni Mkurya, na Kikurya na Kikisii ni lugha za ukoo mmoja; anayejua hiki, kile anakichungulia dirishani. Alisikiliza huku anajifuta mikono kwenye kanga. Akaacha kujifuta. Akamtazama Mogesi, Mkurya mwenzake, Mogesi akatazama kikombe chake. Mzee akauliza, mnasikia? Felista akasema anasikia, kijana alikuwa na sauti nzuri. Akamwongezea chai.

Mimi niliona. Mogesi ni mtu anayebishana hata na saa ya ukutani, na siku hiyo hakubisha kitu. Baadaye nikamfuata dukani nikamuuliza vipi. Akaniambia wino umemwishia, nimpishe.

Halafu Kwamboka akaja. Alikuja kuchukua nguo za mwanawe, jambo la kwao la kugawia ndugu. Mzee alikwenda kumpokea mwenyewe kwenye gari za Sirari, na badala ya kumpeleka nyumbani, akampitisha kwangu. Mwanamke mwembamba, kilemba cheusi, viatu kavishika mkononi kwa sababu ya tope. Nikampa shikamoo mama, akaipokea. Mzee alikuwa kama mtu anayeleta zawadi. Akaniambia nimtilie mama zile sauti kwenye simu yake, asikie mwenyewe jinsi mtoto alivyokuwa akimtaja baba yake.

Nikamtilia, kisha nikabonyeza ya kwanza kwenye mashine yangu.

"Bwakire, baba," Elkana akasema.

Kwamboka alishtuka kama kaitwa kwa nyuma. Halafu akaitika. Hakuitika kwa kujua. Ilimtoka tu, neno la Kikisii, jepesi, la mtu aliyezoea kuitika akiwa jikoni. Na ndani ya mashine ile sauti ya mwanamke ya mbali ikaitika hivyo hivyo, neno lile lile.

Mzee Ojwang alimtazama yeye, akatazama spika, akamtazama yeye.

Kwamboka aliisikiliza hadi mwisho, kajifunika uso kwa kilemba. Mzee akamuuliza taratibu sana kwa nini ameitika. Akasema aliitwa. Mzee akamwambia hapana, pale anaitwa baba.

"Si ni mimi," Kwamboka akasema. "Kwetu mama ndiye baba. Huyu tangu aanze kuongea ananiita baba. Hapa namuuliza kama ataenda na mahindi, anasema baba, mahindi yako yananijaza begi." Akacheka kidogo, kicheko kikageuka njiani.

Nje mtu alikuwa anajaribu pikipiki, inawaka, inazima. Mzee aliniangalia. Nimeshaangaliwa na watu wengi wenye hasira na kompyuta zao, lakini yale macho sikuwahi kuyaona. Hayakuwa ya hasira. Yalikuwa yanaomba.

"Abuu," akasema. "Ulimfanyia Mogesi. Ulimgeuzia majina."

Nikajua anakokwenda.

"Sema na mimi umenigeuzia. Sema ni utani wako. Sitakufanya kitu."

Maisha yangu yote nimedanganya watu kwa furaha. Nimewaambia watu simu zao zina mimba. Na pale uongo mmoja tu ulikuwa unatakiwa, na aliyeutaka alikuwa ananiomba kwa heshima. Nikafungua mdomo. Kwamboka alikuwa ananitazama, sauti ya mwanawe iko kwenye simu yake, ni yake, na mimi niseme nini?

"Hapana, mzee," nikasema. "Yalikuwa hivyo hivyo. Alivyoandika."

Akaitikia kwa kichwa. Akashika meza. Halafu akamuuliza Kwamboka kwa sauti ya mtu anayeulizia njia, kama kwao mama ni baba, baba anaitwaje.

Alijibu kama anajibu kitu kidogo. "Si ni tata."

Mogesi alikuwa mlangoni. Nilimwona anageuka anaangalia barabara.

Mzee alikaa chini. Si kwenye kigoda, chini, kwenye sakafu yangu yenye vipande vya waya. Kwamboka hakuelewa, alidhani ni ugonjwa, akaanza kumpepea na kilemba, anamuuliza kwani hakuwa akikuita hivyo? Mzee akasema alikuwa akimwita. Kila siku. Akitoka asubuhi anaita, akirudi jioni anaita, na yeye anaitika kama anamwitikia muuza nyama. Siku nyingine haitiki.

Kisha akakumbuka ile folda ya pili. Niliona inavyomjia. Akageuka kwangu, na mimi nilikuwa tayari nimeishika diski mkononi, sijui hata niliitoa droo gani. Nikaiunganisha mbele yake, ingawa nilijua. Nikaiweka ubavu, nikaigeuza kifudifudi, nikabadilisha waya. Haikugonga hata kugonga. Aliinamisha sikio juu yake muda mrefu. Nikamwambia huko mijini wapo wanaofungua diski kama hizi ndani ya vyumba visivyo na vumbi, lakini nikamwambia na ukweli mwingine, kwamba sindano ya hii nadhani imeshakwangua sahani, na kilichokwanguliwa kimekuwa unga.

"Kulikuwa na nini humo?" akamuuliza Kwamboka.

Alijua. Kijana alikuwa anampigia simu jioni na kumsikilizisha. Alisema Elkana alikuwa na tabia ya kurekodi watu anaowapenda wakiwa kwenye shughuli zao, hawajui. Yeye alimrekodi anaosha vyombo, anafukuza kuku. Na huku alikuwa anamrekodi mzee akifanya kazi.

"Ati ukipiga randa unajiimbia," akasema. "Ananiambia, baba, sikia tata, leo ameimba. Mimi nasikia tu krrr, krrr, namwambia huyo ni msumeno. Anasema ngoja, ngoja, anakuja."

Mzee akasema yeye haimbi.

"Unaimba," Mogesi akasema kutoka mlangoni. "Wote tunasikia."

Walikwenda karakana kuchukua nguo. Niliwafuata kwa sababu Kwamboka aliniomba. Alisema simu yake haijui kurekodi vizuri, nimsaidie. Anataka aondoke na hiyo, ile sauti ambayo mtoto alikuwa akimsikilizisha. Mzee hakukataa. Alichagua ubao wa mninga, akaubana mezani, akachukua randa, akalamba kidole akapitisha kwenye makali. Nikaweka simu kwenye rundo la mbao, nikabonyeza.

Akasukuma mara moja. Unyoya wa mbao ukajikunja, ukaanguka. Akasukuma tena. Mdomo ulikuwa umefungwa kabisa. Kwamboka alikuwa kakumbatia begi la nguo, anasubiri. Mzee akasimama na randa katikati ya ubao.

"Alikuwa anakaa wapi?" akauliza. "Akirekodi. Alikuwa anakaa upande gani?"

Mimi nilikuwa nimemwona Elkana pale jioni nyingi, kwenye rundo la mbao, lakini mbao zimeshauzwa, zimeletwa nyingine, rundo limehama. Nikaonyesha kwa mkono, huku, labda na huku. Mzee akageuka upande ule akatazama. Alitazama ukuta wa bati na misumari iliyotokeza, na simu yangu inaendelea kurekodi, na hakukuwa na cha kurekodi.